Je, Dawa Huhukumiwa kwa Mwezi Wake wa Kwanza?

Ziko njaa za namna mbili. Ya kwanza yajulikana na kila mtu: shamba limekauka, au vita vimewafukuza watu vijijini mwao, na chungu ni kitupu. Ya pili haijulikani sana. Chungu kimejaa, mama amepakua bugali na sombe, ndugu wote wamekaa kula, lakini mmoja wao hali. Asema ameshiba, kumbe hajala tangu jana. Asema tumbo lamwuma, kumbe aogopa. Mtu huyo si mvivu, wala si mwenye kiburi. Ana ugonjwa, nao ugonjwa huo hukaa kwanza katika mawazo, ndipo hushuka mwilini.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka wa 1873 daktari Ernest-Charles Lasègue wa Paris aliandika habari za wasichana waliokataa chakula, na mwaka wa 1874 daktari William Gull wa London aliupa jina ambalo hata leo waganga hulitumia, yaani anoreksia. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, lakini wavulana na wanaume pia hawakosi. Wengine hawakatai kula kabisa, bali hula kwa siri na kujitapisha. Wala mtu asidhani ya kuwa ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Umeonekana Afrika pia. Na si jambo dogo: kati ya magonjwa yote ya mawazo, huu ni mmoja wa yale yanayoua zaidi.

Basi, kuna jambo moja linalotokea katika kupona kwake, ambalo huwashangaza wengi na kuwavunja moyo. Mgonjwa ameanza kula. Uzito waongezeka kidogo, mikono yapata joto, damu yarudi usoni. Kisha, ghafula, nywele zaanza kuanguka. Asubuhi aziona juu ya mto. Akijichana, chanuo lajaa. Akiosha kichwa, maji yachukua mafungu mazima. Hapo moyo wake wamwambia hivi: «Nilipokuwa sili, nywele zilikaa. Sasa nala, nazo zaanguka. Basi chakula ndicho adui.»

Hapa pana swali linalompasa kila mtu mwenye akili, hata asiyekuwa mgonjwa. Njia njema ikianza kwa hasara, mtu aijueje kuwa ni njema? Aihukumu kwa macho yake ya leo, au kwa kitu kingine? Swali hili ni la maadili, si la utabibu tu, kwa maana mgonjwa huyo huchagua kila siku, mara tatu kwa siku, mbele ya sahani yake, kama ataendelea au atarudi nyuma. Na akirudi nyuma aweza kufa.

Habari za nywele

Kwanza yafaa kujua jambo lilivyo, kwa kuwa hukumu isiyotanguliwa na ujuzi ni kubahatisha tu.

Kichwani mwa mtu mzima mna nywele kama 100,000. Hazikui zote pamoja. Kila unywele una wakati wake, kama mimea ya shamba iliyopandwa kwa zamu. Unywele hukua muda wa miaka miwili hata sita, ukiongezeka kama sentimeta moja kila mwezi. Kisha huacha kukua, hupumzika muda wa miezi mitatu hivi, halafu huanguka, na mahali pake huota mwingine. Kwa mtu mwenye afya, nywele tisa katika kumi zinakua, na moja tu inapumzika. Kwa hiyo ni desturi ya mwili kupoteza nywele 50 hata 100 kila siku, wala hakuna anayeona.

Mtu akikosa chakula kwa muda mrefu, mwili hufanya kama mama mwenye busara ambaye unga wake umebaki kidogo. Mama huyo hawapi wote sawasawa. Huwapa kwanza wale ambao wakikosa watakufa. Ndivyo mwili unavyoupa kwanza moyo, na ubongo, na mapafu. Nywele zakaa mwisho wa mstari. Mwili waziambia, kana kwamba, «Ninyi ngojeni.» Basi nywele nyingi, pengine tatu katika kumi, huacha kukua kabla ya wakati wao, na kuingia katika kupumzika.

Lakini unywele unaopumzika hauanguki siku ile ile. Umeshikwa bado katika kitundu chake, kama jani kavu lililo bado mtini. Miezi miwili au mitatu hupita. Ndipo mwili, uliokwisha kupata chakula, huanza kazi tena. Mara nyingi unywele mpya umekwisha kuanza kuota chini, na ule wa zamani waondoka. Ni kama meno ya utotoni: jino la zamani latikisika na kung'oka kwa sababu lingine lapanda. Hakuna mzazi anayelia mwanawe anapong'oka jino akiwa na miaka sita.

Basi, wasomaji, liangalieni jambo hili vema. Unywele unaoanguka leo ulikwisha kuacha kukua miezi miwili au mitatu iliyopita, katika siku za njaa. Chakula cha leo hakikuutenda neno. Mwenye deni ni njaa ya jana, lakini anayeshikwa na kushitakiwa ni chakula cha leo, kwa sababu yeye ndiye aliyekutwa mahali pale.

Kosa la kumshika aliye karibu

Kosa hili si la mgonjwa huyo peke yake. Ni kosa la wanadamu wote. Mtu akiona jambo baya, humtafuta aliyekuwa karibu. Mgeni ameingia kijijini juma hili, na mbuzi amekufa juma hili. Basi mgeni ndiye. Mzee mmoja alimtazama mtoto, na mtoto akapata homa. Basi mzee ni mlozi. Wangapi wameteswa kwa sababu ya hukumu za namna hiyo! Wangapi wamefukuzwa kwao! Kuwa karibu si sawa na kuwa sababu.

Wanawake waliozaa wanajua jambo linalofaa hapa. Mara nyingi, mwezi wa tatu au wa nne baada ya kuzaa, nywele za mama huanguka kwa wingi, hasa pande za mbele. Kazi ile ile yafanyika ndani: mwili ulipita katika jambo kubwa, na nywele zalipa baadaye. Aliyepata homa kali naye huweza kuona vivyo hivyo, miezi miwili au mitatu baada ya homa kumtoka.

Chukueni mfano wa msichana ambaye amwonyesha shangazi yake chanuo lililojaa nywele, akisema, «Shangazi, tazama. Tangu mlipoanza kunilisha, nywele zangu zakwisha.» Shangazi mwenye hekima hatamcheka, wala hatamkaripia. Atamjibu, «Mwanangu, nilipomzaa ndugu yako, nywele zangu za mbele zilianguka vivi hivi mwezi wa tatu. Je, nilimrudisha mtoto tumboni? Nilifunga kitambala, nikamnyonyesha, nazo zikaota.» Jibu hilo lina hekima ya kutosha. Halikatai hasara, wala haliiruhusu hasara kutoa hukumu.

Mfano wa bwaki

Kuna mfano mwingine, nao wakaa karibu zaidi na vijiji vya Kongo. Kuna ugonjwa wa watoto ambao huko Kivu watu wauita bwaki, na ambao waganga wauita kwashiorkor. Jina hili lilitoka Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, ambako daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huo mwaka wa 1933. Mara nyingi humpata mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa mihogo mitupu, bila maharagi, wala samaki, wala maziwa. Miguu yake huvimba, ngozi hubanduka, na nywele huwa nyembamba na nyekundu, zikivutwa zatoka bila maumivu.

Mtoto huyo akipelekwa mahali pa matunzo na kuanza kulishwa vizuri, jambo gani hutokea siku za kwanza? Hukonda! Maji yaliyomvimbisha yatoka, uso uliokuwa mviringo wasinyaa, mbavu zaonekana, na mizani yaonyesha uzito umepungua. Mama asiyeelezwa hufadhaika. Asema, «Nilimleta mnene, sasa wamemkausha.» Akimchukua na kumrudisha nyumbani siku hiyo, amemrudisha kwenye hatari. Akingoja juma moja au mawili, ataona nyama ya kweli ikianza kujaa.

Hata nywele za mtoto huyo zatoa ushuhuda. Aliyepata njaa, kisha akala, kisha akapata njaa tena, huweza kuonekana na unywele mmoja wenye mistari: sehemu nyeusi, sehemu iliyopauka, sehemu nyeusi tena. Waganga huufananisha na bendera. Unywele ule ni kama daftari. Sehemu iliyopauka yasema, «Hapa sikulishwa,» na sehemu nyeusi iliyo karibu na ngozi yasema, «Sasa nalishwa.» Anayetazama ncha tu asoma habari za zamani. Anayetaka habari za leo na atazame kwenye shina.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa swali lililoulizwa. Njia huhukumiwa kwa yale inayoyaotesha kwenye shina, wala si kwa yale yanayoanguka kwenye ncha. Mkulima anayeipalilia shamba lililoachwa miaka mitatu ataona kwanza ardhi tupu, kavu, yenye majani yaliyong'olewa. Jirani apitaye atasema lilikuwa zuri zaidi lilipokuwa kijani. Lakini kijani kile kilikuwa magugu.

Je, mgonjwa ana hatia?

Yuko mtu atakayeuliza: Kama chakula kipo na mtu akikatae, je, hakujitakia? Kwa nini basi ahurumiwe?

Ili kujibu, yafaa kukumbuka jambo lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwishoni mwa vita kuu ya pili. Watu wa Ulaya walikuwa na njaa, na waganga hawakujua vema jinsi ya kuwarudishia nguvu watu waliokaa na njaa muda mrefu. Daktari Ancel Keys aliwaita vijana wa kiume 36. Walikuwa wamekataa kushika silaha kwa ajili ya dhamiri zao, nao wakakubali kupata njaa kwa hiari yao ili wengine wapate faida. Walianza Novemba 1944. Kwa muda wa majuma 24 ya mwaka wa 1945 walipewa chakula kidogo, viazi na mkate na mboga, na kutembea kilometa 35 kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Habari zao zilichapishwa mwaka wa 1950 katika kitabu kikubwa cha mafungu mawili.

Vijana wale walikuwa wamechaguliwa kwa afya ya mwili na ya akili. Hata hivyo njaa iliwageuza. Waliota chakula usiku. Walisoma vitabu vya mapishi kama wengine wasomavyo hadithi. Walilamba sahani. Waliona baridi wakati wa joto, nywele zao zilipungua, wakawa wepesi wa kukasirika, wakajitenga na rafiki zao, wakaingiwa na huzuni. Na walipoanza kulishwa tena, furaha haikurudi mara moja. Wengine waliona majuma ya kwanza ya kulishwa kuwa magumu kuliko njaa yenyewe. Miezi ilipita kabla hawajawa kama zamani.

Basi, ikiwa njaa iliweza kuyatia giza mawazo ya vijana wenye nguvu, waliojua kwa nini wana njaa na siku itakapokwisha, itamtendaje msichana ambaye hofu yenyewe ndiyo iliyomwingiza humo? Mwanzoni pengine alichagua kitu kidogo: kuacha mlo mmoja, kutafuta umbo la kusifiwa. Lakini njaa ikishaingia yalindwa na giza lake yenyewe. Mafundisho ya Kanisa yasema wazi ya kuwa hofu na ugonjwa na mazoea hupunguza hatia ya mtu, na pengine huiondoa. Kumshitaki mgonjwa kana kwamba ni mwizi si haki.

Hata hivyo, kupungua kwa uhuru si kuisha kwake. Mgonjwa hana uhuru wa kuondoa hofu yake leo. Ana uhuru wa tonge moja mbele ya mtu anayempenda. Na tonge hilo, likiliwa huku hofu ikipiga kelele, ni tendo la ushujaa kuliko karamu nzima ya mtu mwenye afya. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, ni ubatili kulilia nywele?

Yuko mwingine atakayesema: Nywele ni kitu gani? Mtu ameokoka kifo, naye alia kwa ajili ya nywele! Huo si ubatili?

Wanaosema hivyo wana nusu ya kweli. Kweli uhai ni mkubwa kuliko nywele. Lakini mwili wa mtu si gunia alilovikwa roho, lenye thamani kwa mzigo uliomo tu. Mtu ni mwili na roho pamoja. Uso wake, sauti yake, nywele zake, ndivyo ndugu zake wanavyomtambua. Mama aliyemsuka mwanawe tangu utotoni, akimweka kati ya magoti jioni, alimpa upendo kwa njia ya nywele zile. Kuzipoteza ni kupoteza kitu cha kweli. Anayesikitika kwa ajili ya kitu cha kweli hatendi kosa.

Kosa huanza mahali pengine. Huanza pale huzuni inapopewa kiti cha hakimu. Kusema «Nasikitika kwa kuwa nywele zangu zimeanguka» ni huzuni ya haki. Kusema «Nywele zangu zimeanguka, basi sitakula tena» ni kuifanya sehemu ndogo iwe bwana wa mwili wote. Ndiyo maana kumwambia mgonjwa «Usilie» hakufai. Yafaa kumwambia, «Lia, kisha njoo ule.»

Tena watu na wakumbuke desturi za wazee. Katika makabila mengi mtu akifiwa hunyolewa kichwa. Akipita njiani na kichwa kitupu, nani amcheka? Hakuna. Watu humsalimu kwa upole, kwa sababu wajua ya kuwa amepita katika mauti ya mpendwa wake. Hakuna anayeona aibu katika upara ule, maana watu wameupa maana ya heshima. Aliyepoteza nywele katika kupona naye amepita karibu na mauti, nayo yalikuwa mauti yake mwenyewe. Kwa nini asipewe upole ule ule?

Juu ya kufunga

Kwa kuwa wakatekumeni hufundishwa kufunga, neno hili haliwezi kuachwa. Mgonjwa wa namna hii pengine huificha hofu yake nyuma ya jina jema. Asema, «Nafunga.» Watu wampongeza, na ugonjwa wanenepa huku mtu akikonda.

Kufunga na ugonjwa huu hufanana kwa nje tu. Anayefunga aweza kuacha kufunga, mgonjwa hawezi. Anayefunga humpa maskini chakula alichokiacha, na moyo wake hupanuka; mgonjwa huhesabu matonge yake, na moyo wake husinyaa. Anayefunga hutii, mgonjwa akiambiwa ale, hudanganya. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha ya kuwa kufunga ni fadhila pale kunapoongozwa na akili, nayo akili haiunyimi mwili kile unachohitaji ili uishi. Sheria ya Kanisa ya leo yawafunga kwa siku za kufunga wale waliotimiza miaka 18 hata watimize 59, na wagonjwa hawamo. Anayepona ugonjwa wa kutokula, siku ya kufunga ikifika, kujinyima kwake ni kule kujinyima njaa: na ale alichopangiwa na mganga.

Mtakatifu Katerina wa Siena, aliyezaliwa mwaka wa 1347, alizikata nywele zake akiwa msichana ili asiolewe, na baadaye chakula kilimshinda kabisa. Muungamishi wake alimwamuru ale, naye alijaribu kutii kwa taabu nyingi. Alikufa Roma mwaka wa 1380, mwenye miaka 33. Mwaka wa 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Hakutangazwa kwa sababu hakula, bali kwa mafundisho yake na upendo wake. Asiwepo msichana atakayetafuta utakatifu wake katika njaa yake.

Yanayompasa mgonjwa na jamaa zake

Kwanza, asitibiwe kwa siri. Mficha maradhi kifo humwumbua. Aliyekonda sana apelekwe hospitalini kabla ya kulishwa kwa wingi, kwa maana mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa ghafula waweza kudhurika, hata moyo kusimama. Mganga huanza na kidogo na kuongeza polepole. Akizimia, au moyo ukipiga ovyo, au miguu ikivimba, asingojewe hata kesho.

Pili, nywele hujengwa na chakula kile kile kinachojenga mwili: maharagi, ndagala, mayai, karanga, maziwa, nyama ikipatikana, pamoja na sombe na mboga nyingine. Dawa za chupa zinazouzwa sokoni kwa ajili ya nywele haziwezi kufanya kazi ya sahani. Nywele zilizobaki zisisukwe kwa kuvutwa sana, wala zisitiwe dawa kali za kunyoosha. Kuzikata fupi, au kufunga kitambala kizuri, si kushindwa.

Tatu, awe na subira yenye hesabu. Kuanguka huku kwa kawaida hukoma katika miezi sita, wala si desturi mtu kupoteza zaidi ya nusu ya nywele zake. Shina halikufa. Ndani ya miezi hiyo nywele fupi huanza kuonekana kwenye paji la uso, zimesimama wima kama mtama unaochipuka. Kwa mwendo wa sentimeta moja kila mwezi, mwaka mmoja wazaa sentimeta 12. Zikianguka kwa mabaka ya duara, au pakiwa na vidonda, au miezi sita ikipita bila badiliko, mganga aangalie kama kuna sababu nyingine, kama upungufu wa damu au ugonjwa wa ngozi.

Nne, majirani wauzuie ulimi. Wakiona nywele zimeanguka, wengine hunong'ona ya kuwa mtu ana ukimwi, wengine husema amelogwa. Maneno hayo hayaponyi, nayo yaweza kumrudisha mgonjwa chumbani. Hata sifa zahitaji akili. Kijijini kumwambia mtu «Umenona» ni kumpa heshima. Lakini kwa mgonjwa huyu neno hilo ni mwiba, kwa maana unono ndio anaouogopa. Wala asisifiwe kwa wembamba. Na aambiwe, «Tumefurahi umekuja kukaa nasi.» Halafu apewe kiti na sahani, na watu wazungumze mambo ya shamba.

Neno la mwisho

Basi jibu ni hili. Dawa haihukumiwi kwa mwezi wake wa kwanza, kwa kuwa mwezi wa kwanza walipa madeni ya miezi iliyopita. Mtu akiacha uovu wowote aweza kuona hivyo. Mlevi aliyeacha pombe kali huweza kutetemeka siku za kwanza, hata kuhitaji mganga. Aliyeacha kusema uongo hupoteza kwanza rafiki aliowapata kwa uongo. Wengi hurudi nyuma saa hiyo, wakidhani wema umewadanganya. Lakini wema haukuwadanganya. Uliwaonyesha tu hesabu ambayo uovu ulikuwa ukiificha.

Kwa hiyo mwenye kupona asitazame chanuo peke yake. Na aulize: Je, mikono yangu ina joto? Nalala usiku? Naweza kucheka tena na wadogo zangu? Naweza kufikiri jambo jingine lisilo chakula? Mambo hayo ni shina, nayo yakiwa mabichi, nywele zitafuata kwa wakati wake. Na jamaa zake, wasioweza kuzirudisha nywele hata moja kwa nguvu zao, wanaweza kufanya kazi ambayo dawa haiwezi: kukaa naye sahani moja, kila siku, mpaka hofu ichoke.